Shajara ya mradi: kumtafuta James Braidwood kabla ukuta haujamwangukia

6 Julai 2024: Mwanzo, na matembezi ya bure

Mradi huu unahusu James Braidwood, mkuu wa wazima moto wa London, aliyefariki tarehe 22 Juni 1861 kwa kuangukiwa na ukuta wa ghala katika moto mkubwa wa mtaa wa Tooley, ukingo wa kusini wa mto Thames, na akazikwa wiki moja baadaye katika makaburi ya Abney Park, Stoke Newington. Ninataka kuandika maisha yake kwa Kiswahili. Shajara naiweka ili yeyote mwenye mzima moto wake wa kumtafuta, popote alipolazwa, aone nilikopita na nilikojikwaa, asije akalipia makosa yale yale mara ya pili.

Abney Park ilifunguliwa mwaka 1840, na tangu mwanzo ilipokea watu wa madhehebu yote, hasa wale waliokuwa nje ya Kanisa la Uingereza. William na Catherine Booth wa Jeshi la Wokovu wamezikwa humo. Wamelazwa humo watu wapatao 200,000. Kampuni iliyomiliki makaburi ilifilisika katika miaka ya 1970, miti ikajiotea itakavyo, na leo mahali hapo ni makaburi na msitu kwa pamoja. Nilikwenda nikiwa na namba niliyoinakili kwenye orodha ya waliozikwa, nikazunguka kwa saa mbili na nusu nikiitafuta kwenye mawe na kwenye vigingi vya njia, nisiione.

Kosa lilikuwa langu. Daftari za makaburi makubwa ya zama zile zina namba mbili: namba ya maziko, ambayo inafuata mfululizo wa watu waliozikwa siku baada ya siku, na namba ya kaburi, ambayo ni ya kipande cha ardhi. Mimi nilinakili ya kwanza, na kumtafutia mtu kaburi kwa namba ya maziko ni sawa na kuitafuta nyumba kwa namba ya risiti. Mmoja wa wanaojitolea kutunza makaburi aliitazama karatasi yangu, akacheka kwa upole, akanionyesha safu niliyoiruka. Tulilifikia jiwe pamoja, lakini ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, na majani ya Julai yamefunika kila kitu. Picha nilizopiga hazifai hata kwa kumbukumbu. Nitarudi majani yakishapukutika.

20 Julai 2024: Jina lisilo sahihi la kikosi

Nimepoteza siku nzima katika chumba cha kusomea nyaraka, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa urefu.

Karibu na mahali alipofia pana bamba la ukumbusho linalomtaja kuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha London. Nililichukua jina hilo kama lilivyo, nikaagiza faharasa za kikosi hicho, nikaanza kutafuta mikataba ya ajira, mishahara na ripoti za miaka ya 1830. Hazikuwamo, wala zisingeweza kuwamo. Kikosi cha umma cha jiji kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1865 na kikaanza kazi tarehe 1 Januari 1866, wakati Braidwood alikuwa na zaidi ya miaka minne kaburini; na jina lililo kwenye bamba halikuwa jina rasmi hadi mwaka 1904. Waliolichonga walitumia jina lililokuwa midomoni mwa watu, nao hawakuwa na kosa, kwa sababu bamba halikuandikwa kwa ajili ya mtafutaji wa nyaraka.

Chombo alichokiongoza hasa kilianza mwaka 1833, pale kampuni 10 za bima zilipounganisha wazima moto wao chini ya mkuu mmoja, wakiwa watu 80 wa kudumu, makao makuu yakiwa mtaa wa Watling. Kilikuwa mali ya wenye bima, nao waligharimia uzimaji kwa sababu nyumba ikiungua wao ndio waliolipa. Kwa hiyo karatasi zake hazitafutwi katika mafaili ya serikali bali katika makabrasha ya makampuni ya bima, kwenye kumbukumbu za mikutano ya kamati, ambako jina lake hutokea katikati ya hesabu za mashine za kuzimia moto na mipira ya ngozi ya kupitishia maji. Kabla ya kuagiza jalada lolote, uliza kwanza mtu wako alikuwa analipwa na nani.

Neno moja kuhusu lugha. Kwa mazoea tunasema askari wa zimamoto, nami katika rasimu nilianza hivyo. Nimelifuta. Watu hawa walikuwa waajiriwa wa bima wenye sare, na neno askari lilinifanya niwafikirie kuwa watumishi wa dola, na kwa fikra hiyo nikaenda kuwatafuta kwenye rafu isiyo yao. Nitaandika wazima moto.

17 Agosti 2024: Magazeti, na mashahidi kumi ambao ni mmoja

Hifadhi ya magazeti ya zamani inafunguka bure kwenye kompyuta za maktaba ya mtaani, kwa hiyo sikulipia. Kutafuta kwa jina kulinipa machache kuliko nilivyotarajia, kwa sababu programu iliyosoma picha za kurasa hukosea herufi, na jina likikatwa mwishoni mwa mstari halionekani kabisa. Nilipotafuta kwa maneno Tooley na Cotton, kwa kuwa moto ulianzia kwenye gati lililoitwa Cotton's Wharf, habari zikamiminika.

Zilimiminika kupita kiasi. Nilijaza kurasa tisa za daftari nikiamini nina mashahidi kumi wa kifo chake, kutoka miji kumi, wanaokubaliana karibu neno kwa neno. Kukubaliana huko ndiko kulikonishtua. Magazeti ya mikoani wakati ule yalinakili ya London bila haya, na nilipoyapanga kwa tarehe niliona aya ile ile ikisafiri kaskazini na magharibi, ikipunguzwa hapa na kuongezwa chumvi pale. Mashahidi kumi walikuwa mmoja. Tangu hapo kila habari naifuata hadi gazeti la kwanza kuichapa, na yaliyofuata nayaandika pembeni kama nakala tu.

Yaliyobaki baada ya mchujo huo ni haya. Moto uligunduliwa Jumamosi jioni, kiasi cha saa kumi na moja. Maghala yalijaa pamba, juti, katani, sukari, shahamu na shura, vitu ambavyo ukivipa cheche havikusubirishi. Milango ya chuma iliyowekwa kati ya vyumba ili kuuzuia moto ilikuwa imeachwa wazi. Na maji ya mto yalikuwa yamekupwa, hivyo mashine za kuzimia moto zilizoelea mtoni hazikuweza kuvuta maji ya kutosha. Kiasi cha saa moja na nusu, ukuta wa mbele wa ghala moja ulifumka ukamwangukia. Mwili haukuweza kutolewa hadi baada ya siku kadhaa, na moto wenyewe uliendelea kuwaka kwa majuma mawili. Hasara ilihesabiwa kuwa £2,000,000.

Hapo kwenye saa ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna mtafiti wa Kiingereza angelifanya. Jedwali langu la matukio nililiandika kwa haraka, nikahamisha namba za saa bila kuzigeuza, na kwa wiki tatu Braidwood alikuwa amekufa saa saba na nusu, yaani mchana, wakati moto wake ulikuwa haujawaka. Sasa kila saa inaandikwa mara mbili, namba ya chanzo kwanza na saa ya Kiswahili baada yake. Tena si usiku: mwishoni mwa Juni jua la London linakuwa halijazama bado saa hiyo, na ndiyo maana watu waliofurika kwenye madaraja na mashuani waliweza kuona kila kitu.

24 Agosti 2024: Daftari lagawanywa

Nimeligawa daftari sehemu mbili kwa mstari mwekundu: yaliyoandikwa kabla ya 22 Juni 1861, na yaliyoandikwa baadaye. Sehemu ya pili imejaa hadi pembezoni, ya kwanza ina nusu ukurasa.

Kisa kimoja ndicho kilichonilazimisha. Inasimuliwa kwamba muda mfupi kabla ya ukuta kuanguka, Braidwood alivua leso yake nyekundu ya hariri akamfunga nayo mzima moto aliyejeruhiwa mkononi. Ni picha inayokaa akilini, nami niliipenda, nikataka kufungulia nayo makala yote. Lakini imo upande wa pili wa mstari. Maombolezo yana desturi yake: humchagulia marehemu tendo moja la mwisho linalomfaa, na likishachaguliwa halitolewi tena. Sikukitupa kisa hicho. Nimekiandika kama simulizi lililoenea baada ya kifo chake, na kimekosa nafasi ya mwanzo. Vivyo hivyo kwa habari kwamba vifungo na mapambo ya mabega ya koti lake viligawiwa wazima moto wake kuwa kumbukumbu.

Maziko yenyewe, ya tarehe 29 Juni, ni jambo lililoonwa na umma, na msafara uliokadiriwa kuwa na urefu wa maili moja na nusu haukuhitaji shahidi wa siri.

14 Septemba 2024: Edinburgh kwa njia ya karatasi

Braidwood alizaliwa Edinburgh mwaka 1800, mtoto wa fundi samani. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi na vifo kisheria mwaka 1855 tu, kwa hiyo mtu wa 1800 anatafutwa katika daftari za ubatizo za parokia. Malipo kwenye tovuti rasmi ya Uskoti hufanywa kwa pointi: nilinunua 30 kwa £7.50, na kila picha ya ukurasa wa parokia ilikula 6, sawa na £1.50. Picha mbili za kwanza zilikuwa za akina Braidwood wengine, kwa sababu nilibofya kwa pupa bila kulinganisha jina la baba. Kilichoniokoa kilikuwa bure: vitabu vya anwani vya posta vya Edinburgh, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imevipiga picha. Humo mafundi samani wanapangwa kwa majina na mitaa mwaka baada ya mwaka, na ukishajua baba ni nani na kazi yake ni ipi, wengine wanaoshiriki jina wanajiondoa wenyewe. Anza na anwani, ndipo ulipie.

Lakini hazina kubwa ni kitabu alichokitoa mwenyewe mwaka 1830, kuhusu utengenezaji wa mashine za kuzimia moto, mafunzo ya wazima moto na namna ya kuukabili moto. Kinasomeka bure mtandaoni, na ni upande wa kwanza wa mstari wangu wote kwa pigo moja. Nimekisoma mara mbili.

Aliteuliwa kuongoza kikosi cha Edinburgh mwaka 1824, kijana asiyefika miaka 25, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kujifunza ujenzi chini ya baba yake. Wiki chache tu baadaye, tarehe 15 Novemba, ukazuka moto uliokula sehemu kubwa ya mtaa mkuu wa mji wa kale na kuunguza mnara wa kanisa la Tron. Kikosi kilikuwa hakijazoeana, na wakubwa wa mji walisimama kila mmoja akitoa amri yake. Somo lililopatikana ni kwamba kwenye moto anaamuru mtu mmoja, na baada ya hapo mtu huyo akawa Braidwood.

Katika kitabu anaeleza aliwachagua watu wa aina gani. Hakutaka vibarua wa kuokotwa mtaani. Aliwataka waezekaji, kwa kuwa wamezoea kutembea juu ya paa. Maseremala, kwa kuwa wanajua sakafu imeshikiliwa na nini. Waashi, wanaoujua ukuta. Mafundi bomba na wahunzi, wa kutunza mashine na mipira. Aliwafanyisha mazoezi alfajiri, mji ukiwa umelala. Aliwafundisha pia jambo ambalo wengi wakati ule hawakulifanya, nalo ni kuingia ndani ya jengo na kupeleka maji kwenye chimbuko la moto, badala ya kusimama barabarani na kuyarusha dirishani hadi kwenye moshi. Amri hiyo inadai mtu anayeweza kusema jengo litaendelea kusimama kwa muda gani. Nilipofika kwenye waashi niliweka kitabu chini kwa muda. Mtu aliyejenga kikosi chake juu ya elimu ya kuta alifia chini ya ukuta, na hakuna gazeti hata moja kati ya yale kumi lililokumbuka kulisema.

5 Oktoba 2024: Sensa na cheti

Haya yalikwenda bila vikwazo vingi, nitayafupisha. Sensa ya 1841 haitaji mahali pa kuzaliwa kwa waliotoka Uskoti, inaweka herufi S peke yake, na umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano. Usijenge hoja juu yake. Sensa za 1851 na 1861 zina maelezo zaidi, na ile ya pili ilifanyika tarehe 7 Aprili, wiki kumi na moja kabla ya kifo chake.

Cheti cha kifo kiligharimu £12.50. Tahadhari moja: faharasa ya Uingereza hufuata robo ya mwaka ambamo kifo kiliandikishwa, si ambamo mtu alikufa, na kifo kilichochunguzwa na afisa wa kuchunguza vifo vya ghafla (coroner) kilisubiri uamuzi wake. Aliyekufa siku nane kabla ya Juni kwisha atafutwe katika robo ya pili na ya tatu. Kwa anayetaka kusoma tu, nakala ya kidijitali ni ya bei ndogo zaidi, na ingenitosha.

Nimeongeza pia mwaka 1834, usiku wa 16 Oktoba, Bunge lilipoungua. Majengo yale hayakuwa na bima, na wenye bima hawakuwajibika kwa lolote. Braidwood alifika na mashine 12 na watu 64, na ukumbi mkuu wa Westminster ukaokolewa. Tukio hili linamweleza vizuri kuliko leso.

9 Novemba 2024: Mtoto wa kambo

Pembeni mwa Braidwood amezikwa mtoto wake wa kambo, naye mzima moto, aliyekufa kazini mwaka 1855. Nilipopata habari hiyo nilikimbilia faharasa ya vifo, nikamchagua Braidwood wa kiume wa mwaka ule aliyeelekea kufaa, nikalipa £12.50 nyingine, na cheti kilipofika kilikuwa cha mtu asiyehusika kwa lolote. Nilisahau jambo ambalo kwa Kiswahili halisahauliki: mtoto wa kambo anakuja na jina la baba yake. Mama yake alikuwa mjane alipoolewa na Braidwood, na kijana alibaki na jina la ukoo la marehemu.

Kulikuwa na kosa la pili chini ya la kwanza. Katika daftari langu nilikuwa nimemwandika mkwe. Kiingereza cha karne ya 19 kilitumia neno moja kwa mume wa binti na kwa mtoto wa mke, na mimi nililifasiri kwa maana yake ya leo, nikaanza kumtafuta binti wa Braidwood na ndoa yake. Siku mbili zilikwenda hivyo. Ukikutana na neno hilo katika sensa ya zamani, hesabu umri kwanza: ikiwa mkwe ana miaka kumi na miwili, huyo ni wa kambo.

Dawa ilikuwa daftari lile lile la makaburi nililolisoma vibaya mwezi Julai. Safari hii nilifuata namba ya kaburi badala ya jina, nikaangalia waliolazwa humo na kandokando yake, nikampata mzima moto wa 1855 kwa jina lake mwenyewe. Cheti chake sikukinunua, kwa kuwa magazeti ya wiki ile yalitosha.

Kwa mujibu wa mstari wangu mwekundu, kaburi hili la kijana ni ushahidi wa upande wa kwanza. Braidwood alisimama hapo miaka sita kabla ya zamu yake, na aliendelea kwenda kazini.

18 Januari 2025: Jiwe, na hesabu

Nimerudi Abney Park saa tatu asubuhi, miti ikiwa mitupu na jua likiwa chini. Nilikuwa nimesoma ushauri wa kupaka jiwe chaki au povu ili herufi zijitokeze. Usifanye, kwani chaki hukwaruza na povu huacha kemikali ndani ya vinyweleo vya jiwe. Wala usivute ukoga ulioota juu ya jiwe au mtambaa uliong'ang'ania, kwa kuwa hutoka na ngozi ya jiwe. Nilichukua kioo cha kawaida cha ukutani. Rafiki alisimama hatua nne pembeni akaurusha mwanga wa jua ukalambe uso wa jiwe kwa ubavu, na kila mchongo ukajaza kivuli chake. Picha ya tano ilisomeka yote, herufi hadi herufi, na ile ya jiwe la jirani ikasomeka katika jaribio la pili.

Gharama hadi leo: pointi za Uskoti £7.50, cheti cha Braidwood £12.50, cheti cha mtu asiyehusika £12.50; nauli ya basi mara sita kwa £1.75, sawa na £10.50. Jumla £43.00, ambapo £15.50 ni bei ya pupa, nikihesabu na zile picha mbili za parokia. Kioo kimerudi ukutani.

Rasimu inafunguka sasa na alfajiri ya Edinburgh, wazima moto wakipanda ngazi gizani, na ukuta wa mtaa wa Tooley unaanguka katika ukurasa wa kumi na nne kati ya kumi na sita.